Siku 11 za Nani? Mwongozo wa Kufuatilia Mwelekeo wa Ucheleweshaji kati ya Shughuli Moja na Nyingine

Programu ya kusimamia miradi inaweza kukuonyesha kwamba kazi ya plasta imechelewa siku 11 wakati fundi wa plasta hata saiti hajafika. Namba hiyo ikipelekwa kwenye kikao kama ilivyo, atakayesimamishwa ajieleze ni yule wa mwisho kwenye mnyororo; aliyezila siku zenyewe atakuwa ameshalipwa na yuko saiti nyingine. Watu wanakatwa fedha zao kwa namba za aina hii. Ni dhuluma inayoepukika, na kuiepuka hakuhitaji programu ya gharama kubwa. Kunahitaji mambo mawili ambayo programu haikufanyii yenyewe: kutenganisha siku ambazo shughuli imezirithi na zile ilizozipoteza kwa mkono wake, na kuhifadhi namba za kila wiki ili uone zinaelekea wapi.

Nitatumia mfano wa zahanati ya kawaida, jengo lisilo na ghorofa: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, plasta, kufunga milango, rangi, kukabidhi. Hesabu zake nimezitunga ili zifuatike kwa urahisi. Majina ya safu nitayataja yanavyosomeka kwenye Microsoft Project, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka maofisini. Ukitumia ProjectLibre, ambayo ni ya bure, utakuta mengi yanafanana.

Kabla ya namba ya kwanza

Tofauti ya ratiba ni umbali kati ya tarehe mbili: uliyoahidi, na ile iliyotokea au inayotarajiwa kutokea. Ahadi isipohifadhiwa, hakuna cha kulinganisha nacho. Ahadi hiyo, ambayo hapa nitaiita ratiba mama, ihifadhiwe mara tu mshitiri anapoikubali, kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Microsoft Project ina nafasi 11 za kuhifadhi ratiba mama, lakini safu zake za tofauti hulinganisha na ile ya kwanza tu, isiyo na namba. Ndiyo maana mtu akihifadhi upya juu ya hiyo baada ya kazi kuchelewa, ucheleweshaji wote hufutika kwenye skrini papo hapo na mradi ukaonekana mzima. Mshitiri akiongeza muda kihalali, nakili kwanza ratiba mama ya zamani kwenye nafasi nyingine, kisha ndipo uhifadhi mpya.

Kalenda nayo irekebishwe mapema. Kalenda inayokuja na programu inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na haijui sikukuu yoyote. Saiti nyingi zetu zinafanya kazi hadi Jumamosi. Usipoiweka Jumamosi, kila wiki unaigawa vibaya, na tofauti utakayosoma itakuwa ya kalenda wala si ya kazi. Weka Aprili 26, Mei 1, Sabasaba, Nane Nane, Oktoba 14, Desemba 9 na nyinginezo. Idi iweke kwa makadirio na uisahihishe mwezi ukiandama. Kisha tazama mvua. Ratiba iliyopanga msingi mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kwa kasi ya kazi ya Januari, itazaa ucheleweshaji ambao si wa fundi wa msingi. Ni wa aliyekaa ofisini akipanga.

Kuna mitego miwili ya programu yenyewe. Tangu toleo la 2010, shughuli mpya unayoiandika kwenye Microsoft Project huingia kama ya kupangwa kwa mkono usipobadilisha mpangilio huo. Shughuli ya namna hiyo haisogei hata iliyoitangulia ikichelewa mwezi mzima, kwa hiyo tofauti yake inabaki sifuri na unaamini mambo ni shwari. Geuza zote zipangwe na programu, na ziunganishe kweli, kila moja na zile inazozisubiri. Mtego wa pili: shughuli iliyoongezwa baada ya ratiba mama kuhifadhiwa haina tarehe ya kulinganishwa, na programu huiandikia sifuri. Choo cha nje kilichoongezwa katikati ya mradi kitaonekana kipo ndani ya muda hadi kiama. Ukiongeza shughuli, ichague hiyo peke yake uihifadhie ratiba mama, bila kugusa nyingine.

Siku za kurithi na siku za kupoteza

Hapa ndipo pa kukaa. Ongeza safu tatu kwenye jedwali: Start Variance, ambayo ni tofauti ya mwanzo, Finish Variance, tofauti ya mwisho, na Duration Variance, tofauti ya urefu wa kazi yenyewe. Kwenye safu hizi, namba chanya maana yake ni kuchelewa.

Tuseme ni Jumamosi ya wiki ya 8. Msingi ulipangwa siku 12, kuta siku 18, kupaua siku 10. Safu ya tofauti ya mwisho inasomeka hivi: msingi 4, kuta 5, kupaua 11, plasta 11. Anayesoma safu hiyo peke yake atasema kupaua na plasta ndiyo matatizo, na msingi ulikuwa na kasoro ndogo tu.

Sasa soma mwanzo na mwisho kwa pamoja. Msingi ulianza kwa wakati, tofauti ya mwanzo 0, ukaisha kwa kuchelewa siku 4. Zote 4 ni zake. Kuta zilianza zikiwa zimeshachelewa siku 4 na zikaisha kwa siku 5, kwa hiyo fundi wa kuta alipoteza siku 1 tu katika siku 18. Huyo ni fundi wa kushika. Kupaua kulianza kwa kuchelewa siku 8 na kunatarajiwa kuisha kwa siku 11, yaani siku 3 ni zake. Plasta itaanza kwa 11 na kuisha kwa 11. Fundi wake hana deni hata la siku moja.

Jumlisha: 4, 1, 3 na 0 ni 8. Lakini mradi umechelewa siku 11. Siku 3 hazimo katika shughuli yoyote. Zitafute kati ya shughuli: kuta ziliisha kwa tofauti ya 5, kupaua kukaanza kwa tofauti ya 8. Kwa siku 3 saiti ilikuwa kimya, lenta limemwagwa, mbao zimefika, mafundi wa paa wamekaa kwenye kivuli wakimsubiri mhandisi mshauri aje akague na kutoa ruhusa ya kupaua.

Siku za aina hii ndizo zinazopotea bila mwenyewe. Hazionekani kwenye safu ya Duration Variance ya shughuli yoyote, kwa sababu hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Njia ya kuzinasa ni kutoa tofauti ya mwisho ya shughuli tangulizi kutoka kwenye tofauti ya mwanzo ya shughuli inayofuata. Nikipewa ratiba ya mtu nikague, hesabu hiyo huifanya kabla ya nyingine yoyote, kwa kila pale kazi inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine: ukaguzi, idhini ya michoro, vifaa kutoka bohari, malipo ya awali ya fundi. Shughuli ikiwa na tangulizi zaidi ya moja, tumia ile iliyoifunga, yaani iliyokuwa ya mwisho kuisha. Ukiona pengo linajirudia mahali pamoja, acha kuliita pengo. Liandike kwenye ratiba kama shughuli kamili, yenye jina la mhusika na idadi ya siku: ukaguzi wa lenta, mhandisi mshauri, siku 2. Likishakuwa na jina, litakuwa na wa kuliulizia.

Hesabu hizi zote zinasimama juu ya taarifa za saiti, kwa hiyo jihadhari na asilimia. Kazi ikishafika asilimia 90 hukaa hapo wiki mbili. Sikiliza mazungumzo haya:

“Fundi, lenta limefika wapi?”

“Tupo asilimia tisini, bosi.”

“Zimebaki siku ngapi mpaka mmwage?”

“Nondo za kona bado hazijaja. Zikija kesho, siku nne.”

Jibu la kwanza halina kitu cha kuandika. La pili lina tarehe na lina kizuizi. Kila wiki uliza siku zilizobaki na uziingize kwenye safu ya Remaining Duration. Pale unapoweza kuhesabu kitu kwa macho, hesabu: kozi za tofali zilizopanda, kenchi zilizosimamishwa, vyumba vilivyopigwa plasta.

Kila Jumamosi, nakala

Programu inajua leo. Ukisahihisha tarehe wiki hii, zile za wiki jana zimekwenda, na pamoja nazo umekwenda mwelekeo wote. Watu wengi hutafuta kitufe cha kuonyesha mwelekeo na kukikosa. Hakipo kwa sababu data yenyewe haikutunzwa. Itunze wewe.

Utaratibu wangu ni huu. Jumamosi jioni, kwanza weka tarehe ya taarifa kwenye programu. Ingiza mianzo na miisho halisi, na siku zilizobaki kwa kila kazi inayoendelea. Kisha agiza programu isogeze kazi yote isiyofanyika ianze baada ya tarehe hiyo. Hatua hii inarukwa sana, na ikirukwa programu huendelea kuamini kwamba kazi iliyobaki itafanyika Jumanne iliyopita. Baada ya hapo nakili safu chache uzibandike kwenye Excel: tarehe ya taarifa, namba ya shughuli, jina, tofauti ya mwanzo, tofauti ya mwisho, na nafasi iliyobaki, ambayo programu huiita Total Slack. Wiki inayofuata bandika chini ya zile za wiki hii, usifungue karatasi mpya. Kila mstari uwe shughuli moja kwa wiki moja. Ukifuata mpangilio huo, jedwali-egemeo la Excel litakupangia wiki upande mmoja na shughuli upande mwingine kwa dakika chache.

Namba ya shughuli iwe ile ya kudumu, Unique ID, siyo namba ya mstari. Ukiingiza shughuli mpya katikati, namba za mistari yote ya chini yake hubadilika, na historia ya plasta itajikuta imeunganishwa na ya rangi.

Huhitaji kuchora shughuli zote. Chagua hatua kuu tano hadi saba ambazo kila mtu kwenye mradi anazielewa: msingi umekwisha, lenta limemwagwa, paa limekamilika, milango imefika, jengo limekabidhiwa. Kwenye mhimili wa chini weka tarehe za taarifa, kwenye wa kusimama weka tarehe inayotarajiwa ya kila hatua. Mstari ukilala, ahadi inashikiliwa. Ukipanda, inasogezwa mbele.

Kusoma umbo la mstari

Kwa zahanati yetu, tofauti ya hatua ya “paa limekamilika” kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8 imekwenda hivi: 4, 4, 5, 6, 8, 11. Usitazame 11. Tazama kilichoongezeka kila wiki: 0, 1, 1, 2, 3. Mradi unachelewa, na kasi ya kuchelewa inakua. Mradi mwingine wenye 11 ile ile ungeweza kuwa umekwenda 11, 11, 11, 11, 11, 11: pigo moja mwanzoni, labda mwamba uliokutwa kwenye msingi, kisha watu wakashika kasi iliyopangwa hadi leo. Huo wa pili unahitaji mazungumzo na mshitiri kuhusu tarehe. Wa kwanza unahitaji uende saiti Jumatatu asubuhi.

Kuna umbo la tatu, la kupanda na kushuka kila wiki: 3, 7, 2, 8. Kazi za ujenzi hazifanyi hivyo. Mara nyingi ni watu wawili wanaoingiza taarifa kwa vipimo tofauti, au mtu anayekisia siku zilizobaki. Rekebisha taarifa kabla hujamsema fundi. Na shughuli inayoendelea ikikaa sifuri kamili wiki hadi wiki, iulizie pia. Kazi hai huchezacheza, japo kwa siku moja. Sifuri isiyotikisika huwa ni shughuli isiyounganishwa, isiyo na ratiba mama, au isiyoripotiwa.

Sasa linganisha na milango inayotengenezwa karakana. Tofauti yake kwa wiki zile zile: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Haimo kwenye mnyororo mkuu; ilipewa nafasi ya siku 9 za kuchelewa bila kumgusa mtu. Kwenye skrini haina rangi nyekundu. Lakini inapoteza siku moja kila wiki bila kukosa, na kwa mwendo huo nafasi yake itakuwa imekwisha wiki ya 11.

Cha ajabu ni kwamba ukifungua safu ya Total Slack wiki ya 8 hutakuta 3, yaani 9 kutoa 6. Utakuta 14. Programu inapima nafasi kutoka mwisho wa sasa wa mradi, na mwisho huo umesogea siku 11 kwa sababu ya paa. Paa lililochelewa limewagawia wengine nafasi bandia. Fundi seremala anaambiwa ana wiki mbili na zaidi, anapunguza mwendo, na siku mafundi wa paa watakapokomboa siku zao, milango ndiyo itakayozuia jengo lisikabidhiwe.

Dawa yake ni kuweka tarehe ya mwisho ya mkataba kwenye hatua ya kukabidhi, katika sehemu iitwayo Deadline. Usiifunge shughuli kwa tarehe ya lazima. Weka Deadline tu. Nafasi zote zitaanza kupimwa kutoka tarehe uliyoahidi: milango itaonyesha 3, na mnyororo wa paa na plasta utaonyesha hasi 11. Namba hasi inatisha, na ni vizuri itishe mapema.

Tofauti inayohesabiwa kwa shilingi

Taarifa nyingi za wafadhili hudai tofauti ya ratiba kwa fedha: thamani ya kazi iliyofanyika kutoa thamani ya kazi iliyopaswa kuwa imefanyika. Njia hii ilikua katika mikataba ya ulinzi ya Marekani, ambako vigezo vyake viliwekwa rasmi mwaka 1967. Hapa alama zinageuka: hasi ndiyo kuchelewa. Ukiweka safu hiyo kando ya Finish Variance kwenye ukurasa mmoja, andika chini yake kipi ni kipi, la sivyo msomaji atapongeza kilicho kibaya.

Ina kasoro mbili. Ya kwanza, haijali mfuatano. Mkandarasi akileta na kulipia bati zote mapema, thamani inapanda na mradi unapendeza, ingawa lenta halijamwagwa. Ya pili ni kubwa zaidi: kazi yote ikishakamilika, thamani iliyofanyika inalingana na iliyopangwa, na tofauti inarudi sifuri hata kama jengo limekabidhiwa miezi mitatu baada ya siku yake. Kwa hiyo katika theluthi ya mwisho ya mradi mstari wake hupanda kuelekea kwenye uzuri wenyewe tu, na wanaosoma mwelekeo wanadanganyika.

Mwaka 2003 Walt Lipke alitoa njia ya kurekebisha hilo: badala ya kuuliza tumepungukiwa shilingi ngapi, uliza thamani tuliyonayo leo ilipaswa kufikiwa lini. Tuseme mwisho wa wiki ya 8 ratiba mama inataka milioni 45 na sisi tumefikisha milioni 36. Kwenye ratiba mama, wiki ya 6 ilikuwa milioni 33 na wiki ya 7 milioni 39. Milioni 36 ni katikati yake, wiki ya 6.5. Tumechelewa wiki 1.5, au siku 9 za kazi kwa wiki ya siku sita. Hesabu hii inafanyika kwa Excel bila programu ya ziada, na hairudi sifuri mradi ukichelewa. Siku 9 si 11, kwa sababu inajumlisha kazi zote, hata zile zisizo kwenye mnyororo mkuu. Ikitokea zikaachana sana, wiki baada ya wiki, watu wako wanafanya kazi rahisi au zenye malipo mazuri na kuziacha zile zinazozuia nyingine.

Namba zikifika mezani

Kwenye kikao cha Jumatatu peleka ukurasa mmoja: mchoro wa hatua kuu, na jedwali dogo lenye siku za kurithi, siku za kupoteza, na mapengo. Anza na mapengo, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoweza kuzibwa wiki hiyo hiyo kwa simu moja. Kisha shughuli ambazo zimepoteza siku zao wenyewe wiki mbili mfululizo. Waliorithi tu uwataje kwa majina na useme wazi kwamba hawadaiwi. Fundi akisikia hivyo mbele ya watu, wiki ijayo atakupa siku zilizobaki kwa ukweli.

Na pengo likiwa la upande wa mshitiri au mhandisi wake, usisubiri kikao kingine. Mikataba inayofuata kitabu chekundu cha FIDIC cha mwaka 1999 inamtaka mkandarasi atoe taarifa ya madai ya nyongeza ya muda ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kilichotokea. Akizikosa siku hizo anapoteza haki ya nyongeza hiyo. Hizo ni siku za kalenda, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa zahanati yetu, kusubiri ukaguzi wa lenta kulianza Jumamosi ya wiki ya 6, kwa hiyo barua inapaswa kuwa imefika kwa mhandisi kabla ya Jumamosi ya wiki ya 10 kwisha. Ambatisha nakala za wiki ya 6 na ya 7 kutoka kwenye Excel, zikiwa na tarehe zake za taarifa, pamoja na ukurasa wa daftari la saiti wa siku hizo tatu.